Pikapu Isiyozimika

Mume wangu alikuwa na pikapu ya dizeli kabla hajawa na mke. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao karibu na Uhuru, na aliponioa kisiwani Siyu akanileta Kililana, upande wa bara, alinionyesha nyumba kwanza, kisha mama yake, kisha akanipeleka nyuma ya banda la korosho akaniambia, "Na huyu ndiye mke mwenzio." Nilicheka. Sikuwa nimewahi kukaa ndani ya gari. Kwetu Siyu mtu alikuwa na miguu yake au punda wa jirani, na hakuna aliyeona kuwa amepungukiwa.

Kazi ya pikapu ilikuwa kubeba mazao ya wakulima wa bara yetu, korosho, nazi, ufuta, na maembe ya msimu, kuyapeleka gatini Mokowe, ambako mashua ziliyavusha kwenda Amu, ndiyo Lamu. Kurudi ilibeba unga, sukari, mafuta ya taa, mabati, na watu. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akiwa kwenye usukani aliimba. Aliimba vibaya, nami nilipenda.

Dosari ya pikapu ilikuwa moja. Mafuta yake yalikuja kwa mapipa kutoka Mombasa, mapipa yakasimama gatini mvua na jua, na mpaka yafike kwetu yalikuwa yameshaonja maji. Injini ya dizeli haistahimili maji, wala hewa. Tone likiingia kwenye mabomba, gari hukohoa, hutetemeka, likazima katikati ya njia. Hapo dereva hana budi kufungua kifuniko, kumwaga maji yaliyokaa kwenye chujio, kulegeza skrubu, na kusukuma kijipini cha pampu kwa kidole gumba mpaka povu liishe na mafuta yatoke matupu. Mume wangu aliijua kazi hiyo kama anavyojua wudhuu. Siku za amani halikuwa jambo. Gari likizima, abiria walishuka, wakakaa kivulini, wakatafuna korosho na kutaniana hadi liwake.

Kisha amani ikaondoka. Miaka michache baada ya Uhuru mashifta, waasi wenye bunduki, waliingia misitu ya bara. Ikawa tunasikia kijiji fulani kimechomwa, lori fulani limekutwa tupu, watu fulani hawakurudi kutoka mashambani. Njia ya Witu, ambayo mume wangu aliipita akiimba, sasa aliipita kimya, na abiria walikuwa wakisoma dua tangu wanapopanda.

Mwaka huohuo mama mkwe wangu alianza kuumwa miguu. Hakuweza kutoka nje ya ua. Alikuwa na kaka mmoja tu duniani, mkulima wa Witu, na kila alfajiri alikuwa akimwambia mwanawe, "Niletee ndugu yangu nimuone kwa mato haya kabla hayayafungwa." Mato ni macho, yeye alisema Kiamu cha zamani mpaka alipokufa. Basi tukaenda Witu kumchukua mjomba, mimi na mume wangu, kwa kuwa mama alitaka niende nikamwombe kwa heshima ya kike asije akakataa.

Mjomba hakukataa. Alikuwa mzee mrefu, mcheshi, hatulii. Alibeba kikapu cha ndizi na fimbo ya mpingo, akaketi kwenye ubao nyuma ya pikapu kama sultani. Tulitoka Witu asubuhi. Tulipokuwa tumeshauacha msitu mnene nyuma yetu na kuanza kuamini tumepita, gari likakohoa. Likakohoa tena. Likazima.

Mume wangu alishuka. Alipofungua chujio, maji yalimwagika mchangani kama mtu aliyemwaga kikombe cha chai. Akaanza kusukuma pampu. Pampu ilikuwa imechakaa; alisukuma na kusukuma, na povu haliishi. Jua lilikuwa limepanda. Mjomba alishuka, akanyoosha miguu, akazunguka gari, akatazama ndani ya injini, akaona si jambo lake.

"Mimi natangulia polepole," akasema. "Magoti yamekufa ganzi. Mtanipita ndiani."

"Mjomba, kaa," mume wangu alisema, kichwa kingali ndani ya injini. "Hii si njia ya kutembea peke yako."

"Nani atamtaka mzee na ndizi zake?" Akacheka, akachukua kikapu, akaenda. Nilimtazama mpaka alipopinda kona.

Ulipita muda. Kisha nikasikia mlio mmoja, mkavu, kama tawi linalokatika. Mume wangu aliinua kichwa. Tulitazamana. Akarudi kusukuma pampu, na nikaona kidole chake gumba kimechunika na damu inachanganyika na mafuta, naye hahisi.

Gari lilipowaka tulikwenda taratibu. Tuliona kwanza fimbo, kisha ndizi zimesambaa, kisha mjomba pembeni mwa njia, amelala kwa ubavu kama mtu aliyechoka. Kikoi walikuwa wamekichukua. Nilivua leso yangu moja nikamfunika. Tukampakia nyuma, na mimi nikakaa naye huko, nimemshika kichwa kisigonge ubao, mpaka nyumbani.

Mama mkwe alikuwa ameshatolewa nje kwenye kitanda cha kamba, amevaa nguo safi, anamsubiri ndugu yake. Sitaeleza sauti aliyoitoa. Tulimzika mjomba nyuma ya nyumba yetu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumrudisha Witu. Matanga yalipokwisha, mama alisema neno moja tu juu ya jambo lile, na hakulirudia: "Ndugu yangu meuawa na mai." Ameuawa na maji. Hakuwataja wenye bunduki. Mwanawe alisikia, akainamisha kichwa, akatoka nje.

Tangu siku hiyo hakuimba. Aliegesha pikapu, akakataa mizigo, akawa anaizunguka kama mtu anayezunguka mnyama aliyemng'ata. Siku moja nikamkuta ameketi kwenye bampa.

"Pikapu hii haitazimika tena njiani," aliniambia. "Ama itapona kabisa, ama nitaitia moto mwenyewe."

Alikuwa na rafiki, fundi kutoka bara ya mbali, Mkristo, aliyefanya kazi katika kambi ya barabara Mokowe. Walijuana kwa sababu ya magari, wakapendana kwa sababu zao wenyewe. Kila Idi alikuwa akija kwetu kula biriani, na kila Krismasi mume wangu alimpelekea jogoo. Fundi huyo alipopata likizo alishuka Mombasa, akarudi na sanduku la mbao la vipuri. Alikuja nalo Kililana kwa mashua, amelipakata mapajani kama mtoto.

Alilifungua uani, akatuonyesha kimoja kimoja. Pampu mpya ya kuvutia mafuta, ngumu, chemchemi yake ikirudi kwa ghadhabu ukiibonyeza. Chujio la pili, lenye kikombe cha kioo chini, ili maji yakikaa yaonekane kabla hayajaleta madhara. Mabomba ya shaba mahali pa yale ya zamani yaliyokuwa yamefungwafungwa kwa vitambaa na sabuni. Na mwisho, zimefungwa kwenye karatasi ya nta, nozeli nne. Nozeli hukaa kiganjani, kitu kidogo chenye ncha, na kwenye ncha kuna tundu ambalo jicho halilioni vizuri. Kazi yake ni kuyarusha mafuta ndani ya injini kwa nguvu, yatoke kama moshi.

"Hizi ni bora kuliko zilizomo," fundi alisema. "Zilizomo zinakojoa. Hizi zinapumua."

Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza kutoka dirishani, aliuliza, "Na hivo vyote vitazuia mai?"

"Vitazuia, mama," fundi akasema. "Inshallah," akaongeza, kwa kuwa alijua yuko nyumba gani.

Kazi ilianza siku ya pili yake asubuhi. Walitandika turubai chini ya kivuli cha banda, wakakataza kuku na watu wasikanyage, maana fundi alisema punje moja ya mchanga ndani ya nozeli ni msiba. Walilishusha tangi. Lilipopinduliwa lilitoa kutu na tope jekundu, na nikaona mume wangu analitazama lile tope kwa muda mrefu. Walilisuuza, wakalitoboa chini, wakalitia kibomba cha kufungulia, ili kila asubuhi maji yamwagwe kabla ya safari. Kazi yangu ilikuwa kuchuja mafuta. Nilifunga kitambaa cha bafta mara mbili juu ya ndoo, nikamimina kidogo kidogo kutoka kwenye pipa, na kila bafta ilipojaa uchafu niliibadilisha. Mikono yangu ilinuka dizeli mpaka wali ulinuka, na mama alilalamika, lakini alikula.

Ilikuwa kazi nzuri, nami sitaki kuisema vingine kwa sababu ya yaliyofuata. Kwa mara ya kwanza tangu matanga nilimsikia mume wangu akizungumza kwa raha. Walibishana juu ya spana, wakakubaliana juu ya uzi wa skrubu, wakanywa chai wakiwa wamechuchumaa.

Ziliposalia nozeli, fundi alitaka kuzijaribu kwanza. Alizifunga kila moja kwenye bomba lake, lakini nje ya injini, ncha ikitazama hewani, ili mmoja azungushe injini kwa hendeli na mwingine atazame inavyonyunyiza.

"Hapo mbele ya ncha pasipite mkono," fundi alisema. "Ina nguvu hiyo."

"Nimesikia," mume wangu akasema.

Fundi akazungusha. Ya kwanza ilitoa ukungu mweupe uliotawanyika sawasawa, mzuri hata mimi nilisogea kuutazama. Ya pili vilevile. Ya tatu ilitema mate, matone manene upande mmoja. Mume wangu akachukua spana kwa mkono wa kulia akakaza nati, na mkono wa kushoto akaishika nozeli isizunguke.

"Zungusha," akasema.

Fundi, aliyekuwa ameinama mbele ya gari na haoni kitu ila hendeli, akazungusha.

Mume wangu alivuta mkono. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Lo!" kama mtu aliyechomwa na mwiba wa mgunga, akatazama kidole chake cha shahada. Nilikitazama nami. Palikuwa na kidoa kimoja cheupe kwenye nyama ya kidole, bila damu. Mtu angeweza kudhani ni punje ya chumvi.

"Imekupata?" fundi akauliza, akija mbio.

"Imenidonoa. Si kitu."

"Osha kwa sabuni."

Akaosha. Waliifungua ile nozeli, wakaisafisha, wakaijaribu tena, ikapumua kama wenzake. Wakazifunga zote ndani ya injini, wakatoa hewa, na alasiri mume wangu akapanda, akabonyeza kitufe. Pikapu iliwaka mara moja. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, haikugongagonga, ilinguruma. Mama mkwe alisogea hadi mlangoni kwa kujikokota, akasimama ameshika kizingiti, akasikiliza. Mume wangu alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, akatia gia, akaenda na fundi hadi Mokowe na kurudi peke yake bila kusimama. Aliporudi alikuwa akiimba.

Jioni ile alisema kidole kimekufa ganzi. Asubuhi kilikuwa kimevimba na baridi, na rangi yake ilikuwa ya majivu. Nilimwambia, "Bwana, tuvuke Amu tukaonane na daktari."

"Kwa tundu la sindano?" akasema. "Watu wananisubiri na mizigo yao tangu matanga."

Mama alimkanda kwa maji ya mwarobaini, akamfunga kitambaa cha manjano na chumvi. Naye akaendesha. Alipeleka korosho Mokowe, akaenda mashamba ya ndani, akarudi, na pikapu haikukohoa hata mara moja. Alikuwa na homa machoni na furaha usoni, na mimi sikujua kipi kimeleta kipi. Alipofungua kitambaa siku iliyofuata, kiganja chote kilikuwa kimejaa, ngozi imekaza inang'aa, na mstari mwekundu umepanda mkononi. Nilipokisogeza kidole puani kilinuka dizeli. Kilikuwa kimeoshwa mara ngapi kwa sabuni, na bado kilinuka, kwa kuwa harufu ilikuwa ikitoka ndani.

Hapo hakubisha. Tulivuka.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, na alielewa mara tu aliposikia neno nozeli. Aliuliza ilitokea lini. Nikamjibu.

"Tundu ni dogo," alituambia, "lakini mafuta yaliingia kwa nguvu kama ya risasi, yakapita kwenye mishipa ya kidole hadi kiganjani. Huko ndani yanaua nyama. Nitapasua niyatoe. Nitajitahidi kuuokoa mkono."

Alijitahidi. Alipasua kidole, kisha kiganja, na muuguzi aliniambia yalitoka mafuta meusi yamechanganyika na usaha. Aliosha, akafunga, akangoja. Nyama iliendelea kufa. Akakata kidole. Ikaendelea. Mwisho alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia mume wangu waziwazi kwamba ni mkono au roho. Mume wangu aliugeuza uso ukutani.

"Kata," akasema.

Waliukata chini kidogo ya kiwiko. Sisi kiungo cha mwili hatukitupi, kinazikwa, na muuguzi, mwanamke wa Kiamu, alilijua hilo. Alinipa mkono wa mume wangu umefungwa kwa kitambaa cheupe, akasema, "Pole, Bi. Mungu akupe subira." Niliuweka katika kikapu nilichokuwa nikimpelekea uji. Nikavuka nao peke yangu kwenda Kililana. Mwenye mashua aliniuliza nimebeba nini, nikasema nguo. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Jirani alichimba kishimo karibu na kaburi la mjomba, tukauzika. Mama mkwe alitazama kutoka dirishani, mdomo wake ukitembea bila sauti.

Fundi alikwenda kumtazama hospitalini kila alipopata nafasi. Alikuwa akikaa kwenye kiti, kofia mikononi. Siku moja alinifuata nje barazani akasema, "Shemeji, ni mimi niliyezungusha." Nikamwambia, "Nilikuwepo. Nilisikia ni nani aliyesema zungusha." Lakini aliondoka amejikunja vilevile.

Mume wangu aliporudi nyumbani, jambo gumu kwake halikuwa kazi, lilikuwa sinia. Kwetu mkono wa kulia ni wa kula na wa kushoto ni wa kujitwaharishia chooni. Sasa alikuwa na mmoja kwa yote. Alijiosha mpaka ngozi ikapasuka, na bado hakuweza kuutia katika chakula pamoja na watu. Wageni walipokuja alisema ameshakula. Nyumbani alichukua sahani yake akaenda kukaa nyuma ya banda, karibu na pikapu, akala huko amegeukia ukuta. Nilijaribu kumfuata na sahani yangu. Mara ya kwanza alinifukuza. Mara ya pili aliniachia nafasi. Baadaye tukawa tunakula hapo wawili.

Pikapu ilikaa. Kila asubuhi alifungua kile kibomba chini ya tangi, akamwaga maji, akatazama kikombe cha kioo, akafunga. Gari halikuwa na safari, lakini alifanya hivyo. Ndipo siku moja akanambia, "Kaa hapa," akinionyesha kiti cha abiria. Yeye akakaa kwenye usukani, akaushika kwa mkono wa kulia.

"Hiki kijiti katikati yetu ni gia," akasema. "Nikikwambia moja, sukuma huku. Nikikwambia mbili, vuta huku. Miguu ni yangu, usukani ni wangu. Wewe utakuwa mkono wangu wa kushoto."

"Watu watasema nini?"

"Watasema walichozoea kusema."

Nilivunja moyo wa ile gia mara nyingi. Ilisaga, ililia, naye hakunigombeza. Lakini nilijifunza, na ikafika wakati hakuhitaji kutamka. Nilisikia injini inavyotaka, nikatazama goti lake likishuka, nikasogeza. Tuliendesha hivyo mpaka Mokowe, mimi nimejifunika buibui, mkono wangu wa kulia juu ya kile kijiti, na wanaume gatini walisimama kututazama. Wengine walicheka. Hakuna aliyekataa kutupa mzigo wake, maana kwa wakati ule lilikuwa gari pekee upande wetu ambalo halikuzimika.

Hatukupata muda mrefu. Mashifta walizidi kusogea, mashamba ya ndani yakachomwa, na asubuhi moja askari walipita nyumba kwa nyumba wakitwambia tuondoke bara, twende visiwani au tukakae Mokowe chini ya ulinzi. Waliokuwa na jamaa Amu walikwenda Amu. Sisi tulikuwa na kwetu Siyu.

Kabla ya kuhama sisi wenyewe tulihamisha majirani. Nakumbuka siku zile kama kelele moja ndefu. Vitanda, vinu, mbuzi, milango iliyong'olewa kwenye bawaba, wazee waliobebwa na kuwekwa juu ya magunia. Tulikwenda na kurudi, tukaenda na kurudi, mume wangu akikaza usukani kwa mkono mmoja na mimi nikitia gia mpaka bega langu likafa. Mara moja tuliona moshi mkubwa upande wa mashamba na tukasikia milio. Mwanamke mmoja nyuma alianza kupiga mayowe. Mume wangu aliinamia usukani. Alikanyaga mafuta, nikatia tatu, pikapu ikaruka juu ya mchanga na kutuvusha. Sijui kama kuna waliokuwa wakitufuata. Najua tu kwamba haikukohoa, na kwamba nilipomtazama, mashavu yake yalikuwa yameloa.

Tulimpakia mama mkwe mwisho. Alishika nguzo ya mlango, akakataa kuiachia, na jirani alimfungua vidole kimoja kimoja. Gatini Mokowe mume wangu alimkabidhi fundi ufunguo, kwa kuwa gari halivuki bahari wala Siyu haina barabara. Hakugeuka kulitazama. Tulivuka kwa mashua, tukashuka Mtangawanda, gati la kisiwa cha kwetu, na tukapanda njia ya miguu, mama juu ya punda, sisi nyuma na mafurushi.

Siyu tulipokewa vizuri, lakini kupokewa vizuri si kuwa kwako. Mume wangu, aliyekuwa na gari, sasa alikuwa mkwe asiye na mkono katika mji wa mkewe. Alifanya kazi ya shamba pamoja nami; mimi nikichimba, yeye akidondosha mbegu na kufukia kwa unyayo. Wakati mwingine alishtuka usingizini akisema vidole vinamchoma, vile ambavyo havipo.

Fundi alikuja mara moja. Alitembea kutoka Mtangawanda katika jua kali, viatu mkononi, akatukuta shambani. Alisema amehamishwa kwenda kwao bara, na kwamba amemuuzia pikapu mfanyabiashara mmoja kama alivyokubaliana na mume wangu, na fedha hizi hapa.

"Inakwenda?" mume wangu akauliza.

"Inakwenda. Haijazimika hata siku moja."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha fundi akasema alichokuwa amekuja kukisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Wewe ulizungusha kwa kuwa nilikwambia zungusha," mume wangu akamjibu. "Na kama ningekwambia tena leo, ungezungusha tena. Kaa unywe maji."

Alikaa, akanywa. Alipoondoka walishikana mkono wa kulia kwa muda mrefu, na hatukumwona tena.

Mama mkwe alidumu msimu mmoja wa mvua. Hakuwa na ugonjwa wa kutajwa. Aliacha kula, kisha akaacha kuuliza tutarudi lini, na asubuhi moja aliamka akasema, "Yeo nti hii ni baridi," yaani leo nchi hii ni baridi, akafunga macho kabla ya adhuhuri.

Mwanamke haendi makaburini, kwa hiyo yaliyotokea huko nilihadithiwa na kaka yangu. Walipofika kaburini, watu walijipanga, na wanaume wawili wenye nguvu wakaingia shimoni kumpokea maiti. Mume wangu akawaambia mmoja wao atoke. Wakasita. Imamu akamwambia kwa upole kwamba hapana dhambi, mwenye udhuru ana udhuru wake, wengine watamfanyia. Akasema, "Nina mama mmoja." Akavua kanzu, akashuka. Kaka yangu alikuwa ndani na yeye. Anasema walipoteremshiwa maiti, mume wangu aliupitisha mkono wake wa kulia chini ya mabega ya mama yake, na kile kigutu cha kushoto akakiweka chini ya kichwa, akakikaza, na hakikutetemeka. Wakamlaza. Akamgeuza uso kibla, akamwekea udongo shavuni, akabaki ameinama.

Ilibidi kaka yangu amwambie, "Bwana, tutoke sasa."

Alirudi nyumbani na mchanga hadi kiwikoni. Nilimletea maji katika kata, nikammiminia, naye akanawa mkono wake taratibu, akiusugua kwenye paja kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kuusugulia, mpaka nikaiweka kata chini nikamsugulia mimi.